Neno "natania tu" lilivyotushinda watu wazima kwenye semina Kibiti

Wakuu, kwema?

Mimi ni msomaji wa kimyakimya humu. Nasoma nyuzi zenu, nacheka na komenti, nazima simu nalala. Leo nina la kwangu. Wale wa kusema "hii chai", yaani nimetunga, wakae pembeni kidogo, maana ninayoandika nimeyaona kwa macho yangu na mengine nimeyasema kwa mdomo wangu. Majina nimebadilisha. Shule siitaji.

Mimi ni ke, mwalimu wa sekondari upande wa Nyamisati. Na ni mwalimu wa malezi.

Kwa wasiojua, mwalimu wa malezi ni yule ambaye mtoto akilia analetwa kwake, akipigana analetwa kwake, akizimia paredi analetwa kwake. Kipindi kwenye ratiba hakuna. Ni kazi ya kuombewa dua tu.

Shule yetu ina hosteli kwa sababu watoto wengi wanatoka ndani ya delta, vijiji ambavyo bila boti hufiki.

Sasa kuna binti, tumwite Tausi, Form Three. Na kuna mvulana, tumwite Hamdani, Form Four. Baba yake Tausi na mama yake Hamdani ni ndugu wa tumbo moja. Kwa hiyo Hamdani kwa Tausi ni mtoto wa shangazi, na Tausi kwa Hamdani ni mtoto wa mjomba.

Mtu wa pwani akisikia hivyo hahitaji maelezo. Hao ni watani.

Kwa ndugu zangu wa bara nieleze kidogo. Huku kwetu mabinamu wa namna hiyo wanataniana kweli kweli. Anakuita mke wangu mbele za watu, anakuficha viatu, anakumwagia maji siku ya Idi umeshavaa nguo mpya, na wewe huruhusiwi kukasirika. Ukikasirika, wewe ndiye unayeonekana hujalelewa.

Na niliseme mapema kabla mtu hajaniita mzungu: mimi ni wa Ikwiriri, mama yangu Mmatumbi, nimetaniwa na mabinamu zangu mpaka nikakoma. Utani ninaupenda. Msibani kwetu bila watani msiba unakuwa mzito kupita kiasi.

Haya, tuendelee.

Hamdani alikuwa anamwita Tausi "mke wangu" shule nzima. Hilo peke yake nisingelishughulikia. Lakini ikawa begi la Tausi analishika yeye, na analirudisha akipenda. Mvulana mwingine akikaa na Tausi kujisomea, Hamdani anamfuata yule mvulana baadaye "wazungumze". Akimkuta Tausi amesimama na rafiki asiyemtaka, anamvuta sikio mpaka amwondoe pale.

Kila mtu anacheka. Watani.

Siku moja nilikuwa natoka darasani, nikawaona bombani kwenye foleni ya maji. Hamdani akapita nyuma ya Tausi akamvuta ushungi. Ukatoka wote.

Foleni nzima ikacheka. Tausi naye akacheka. Lakini mikono yake yote miwili ilikuwa kichwani inafunika nywele, na macho yanatafuta pa kukimbilia. Mimi nimekuwa binti huku huku, kile kicheko nakijua. Ni kicheko cha mtu aliyekatazwa kulia.

Nikampeleka Hamdani kwa mkuu wa shule. Mkuu wetu ni mtu mwema, simsemi vibaya. Aliniangalia akasema, "Madam, si watani hao?"

Nikamwambia hapana mkuu, hapa pamezidi.

"Basi mchape kidogo yaishe."

Sikumchapa. Fimbo nimeziona miaka yote hii kazini. Zinamfundisha mtoto kufanya lile lile nikigeuza mgongo, na safari hii anakuwa na hasira juu.

Haukupita muda Tausi akanifuata ofisini. "Shikamoo Madam." Marahaba mwanangu. "Madam, nataka kuacha shule."

Nikamuuliza kwa nini. "Nimechoka tu. Nitaenda Ikwiriri kwa mama mdogo nikamsaidie kukaanga mihogo."

Wakuu, huyu ni mtoto ambaye mtihani wa Biolojia akikosa swali anakuja kunibishia, na mara nyingine ana haki. Nikambembeleza, nikamtisha, nikambembeleza tena. Jibu ni lile lile, nimechoka tu. Akasema likizo ya katikati ya mwaka ikianza anaondoka na godoro lake, hatarudi.

Nilikasirika. Nilimkasirikia Hamdani, nikamkasirikia mkuu, nikawakasirikia hata wale waliokuwa wanacheka bombani, wengine watoto wa Form One hawajui lolote.

Hapo hapo ikaja barua ya semina.

Najua mnachotaka kuuliza. Posho ilikuwepo. Tuendelee.

Semina ilikuwa Kibiti mjini, ukumbi uko karibu na barabara kuu, kila basi la kusini likisimama tunasikia wauza korosho wanavyogombea madirisha. Tuliitwa walimu, wauguzi, maafisa ustawi wa jamii, afande mmoja mwanamke wa dawati la jinsia na ostadhi mmoja wa madrasa.

Mada yake ilinishangaza. Semina nilizozoea ni za namna ya kumsaidia mtoto aliyeumizwa. Hii ilikuwa ya mtoto anayeumiza wenzake. Namna ya kumuona mapema, kumkalisha chini na kumgeuza, kabla hajawa mtu mzima wa kupelekwa mahakamani. Nikasema moyoni, hii imeandikwa kwa ajili yangu.

Mwezeshaji alitoka Dar, binti mdogo mdogo anaitwa Neema. Anajua kazi yake, anaongea taratibu, ila huku kwetu ilikuwa mara yake ya kwanza.

Siku ya kwanza akatusomea mfano. Mvulana anamwita msichana mke wangu, anachukua vitu vyake, anaamua aongee na nani. Akauliza, hapo mnaona dalili gani?

Nikakaa sawa kwenye kiti. Mfano wenyewe kama kautoa bombani kwetu.

Muuguzi mmoja, Bi Saada, wa zahanati ya upande wa Mbwara, mama mnene mcheshi ambaye alishawavunja watu mbavu tangu chai ya asubuhi, akauliza, "Samahani mwanangu. Hao si mabinamu?"

Neema akaangalia karatasi yake. "Haijaandikwa. Lakini hata kama ni mabinamu..."

"Aah! Kama mabinamu basi huo utani."

Ukumbi mzima ukaitikia. Utani huo. Hata afande.

Neema akaomba aelezwe utani ni nini. Akaelezwa na watu kumi kwa pamoja. Alipomaliza kusikiliza akachukua kalamu akaandika kwenye flip chati, herufi kubwa: UTANI NI UKATILI.

Wakuu, ukumbi ulichafuka.

Ostadhi akasimama, "Bibie, sasa unataka utufutie koo zetu?" Bi Saada akasema, "Mie babu yangu kanioa tangu sijaota meno, mahari kalipa miwa, na nilimlia miwa yake mpaka anakufa Mungu amrehemu. Leo babu yangu mkatili?" Watu wakapiga meza.

Nilikuwa nimekaa katikati yao nachemka. Neema alikuwa amekosea, maana utani wa Bi Saada na babu yake ni kitu kitamu kabisa. Na wenzangu nao walikuwa wamekosea vile vile, maana Tausi wangu yuko kule anapanga kukunja godoro. Na sikuwa na maneno ya kuwaonyesha tofauti. Naiona, nashindwa kuisema. Hicho kitu kinauma jamani.

Mchana tukafanya igizo dhima. Ndiyo hilo, mnaigiza kesi ili mjifunze kuzungumza na mtoto. Neema akaomba mtu acheze yule mvulana. Nikanyoosha mkono haraka, nataka niingie kwenye kichwa cha Hamdani.

Akaja afande kunihoji. "Kijana, kwa nini ulimvua mwenzio ushungi?"

Nikanyanyua mabega kama Hamdani. "Natania tu, afande."

"Lakini hukuona kama ameumia?"

"Si alicheka? Natania tu."

Afande akabaki anaangalia karatasi yake. Akaja ostadhi, akanipa aya na hadithi za Mtume. Nikamsikiliza kwa adabu zote. "Sawa ostadhi. Lakini nilikuwa natania tu." Akaja afisa ustawi, akaja mwalimu mwenzangu kutoka Ikwiriri. Wote niliwalaza na neno hilo hilo.

Nilikuwa nashinda, watu wanacheka, na kadiri nilivyoshinda ndivyo nilivyoogopa. Watu wazima wote hawa, wenye vyeti, na mtoto anatuzuia kwa maneno mawili. Neema mwenyewe alijaribu mwisho. Nikamlaza. Akasema kwa ukweli kabisa, "Jamani, hapa hata mimi sijui. Tulale nalo."

Asubuhi yake kabla hatujaanza, Bi Saada akapita mezani kwangu, akachukua simu yangu akaitia kifuani. Akasema kwa sauti ukumbi usikie, "Mke wangu, simu nitakupa nikitaka. Na yule afande usiongee naye, simpendi."

Kicheko. Na mimi nikacheka.

Saa za chai nikamwomba simu. "Natania tu, Madam." Nikamwomba tena kabla ya chakula. "Aah, natania tu, mbona unanuna?" Sasa nyumbani nilikuwa nimemwacha mtoto ana homa, nangoja dada wa kazi anipigie. Nikawa sisikii hata mwezeshaji anasema nini. Natabasamu kila Bi Saada akiniangalia, na ndani nawaka. Na kusema nimekasirika siwezi, nitaonekana sijui utani, mimi wa Ikwiriri.

Uzalendo ukanishinda. Alipoinuka kwenda kunawa nikachukua mkoba wake na kandambili zake alizovua chini ya meza, nikakaa juu ya mkoba. Aliporudi nikamwambia, "Mume wangu, leo unarudi Mbwara pekupeku."

Bi Saada alicheka mpaka akashika ukuta. Machozi yakamtoka. Akatoa simu akanirudishia, "Haya haya, nimeshika adabu. Sasa ndiyo utani!"

Nikamuuliza, bado nimekalia mkoba wake: kwa nini sasa ndiyo utani?

Akasema, "Si umenirudishia."

Nikasimama nikawaambia wote. Nikawaeleza habari ya Tausi, kila kitu isipokuwa jina. Nikasema huyo binti hajawahi kumrudishia binamu yake hata siku moja. Hajamficha kiatu, hajamwita hata jina baya. Utani gani huo wa mtu mmoja?

Bi Saada aliacha kucheka. Akavaa kandambili zake taratibu akasema, "Kha. Huyo mtoto hataniwi. Anaonewa."

Afande akakubali. Ostadhi akakubali. Neema akaenda kwenye flip chati, akaichana mwenyewe ile karatasi yake ya jana. Kwa hilo nilimheshimu. Akaandika swali: AKIKURUDISHIA, UTACHEKA?

Halafu akatuonya, na hapa ndipo alipoonyesha kuwa kazi yake anaijua. Msifanye kwa mtoto alichofanya Bi Saada kwa Madam. Mkimwaibisha atajifunza kuaibisha. Kaa naye peke yake, kaa pembeni yake siyo mbele yake. Taja kitendo, usimtaje yeye kuwa ni mbaya. Usiseme umeambiwa na binti, sema ulichokiona mwenyewe. Na kabla ya yote, zungumza na binti kwanza ujue kama atakuwa salama.

"Na ukishauliza swali," akasema huku ananiangalia mimi, "nyamaza."

Kunyamaza! Mimi! Walionifahamu mle ndani kwa siku mbili tu wakaanza kucheka.

Nikarudi shuleni. Nikaanza na Tausi. Nikamwambia nataka kuzungumza na Hamdani kuhusu yale ya bombani, niliyoyaona mimi mwenyewe. Je, wewe utapata shida?

Akafikiri. "Asijue kama nimesema mie."

"Hujasema kitu mwanangu. Unaniambia umechoka tu."

Kwa mara ya kwanza alitabasamu kidogo. Kisha akalia.

Hamdani nilimwita maktaba, ambayo kwetu ni stoo yenye madaftari ya zamani na benchi moja. Nikakaa naye benchi hilo hilo. Nikamwambia nilichoona bombani.

"Natania tu, Madam."

Nilikuwa nalisubiri. Nikamuuliza, "Yeye akikurudishia, utacheka?"

Halafu nikanyamaza. Wakuu, sijawahi kufanya kazi ngumu kama ile. Nilitamani kumsaidia jibu, kumtolea mfano, kumkumbusha mama yake. Niliuma ulimi.

Akasema, "Hawezi."

Nikanyamaza.

"Hawezi kunirudishia. Ataogopa."

Nikamuuliza, mtani anaogopwa?

Akageuka akaniangalia usoni, na kilichotoka mdomoni mwake sikukitegemea. Semina haikunifundisha, na hata ningekaa mwaka nisingekiwaza.

"Kwani Madam nani anatania? Mie sitanii. Tausi mke wangu kweli. Mjomba mwenyewe kasema."

Akanieleza. Siku anatolewa jandoni, bado mdogo, kavishwa kanzu mpya, ngoma zinalia, mjomba wake, yaani baba yake Tausi, alimshika bega mbele ya ukoo wote akasema, "Sasa umekuwa mwanaume. Mchunge mkeo, asije akaibiwa." Watu wakashangilia. Tangu siku hiyo kila akienda kwa mjomba anaitwa mkwe. Bibi anamuuliza mkeo hajambo. Tausi alipokuja hosteli, mama yake Hamdani alimwambia, mwanangu, mwenzio huyo umchunge.

Na yeye akachunga. Begi, marafiki, mahali pa kukaa, ushungi. Mpaka sikio.

Nikamwambia, Hamdani, mjomba alikuwa anatania.

Akauliza, "Mbona hakusema kama anatania?"

Kijana wa Form Four, ndevu zinaanza, aliniangalia kama mtoto wa chekechea aliyeambiwa kesho siyo Idi. Kumbe "natania tu" lilikuwa neno la kutupa sisi walimu. Moyoni mwake alikuwa kazini.

Nilimwambia kwamba ukimvua mtu ushungi unamuumiza, awe mke awe nani, na hilo shuleni kwangu halitajirudia. Akasema sawa. Lakini niliona kabisa kwamba neno la mjomba kwake ni zito kuliko la Madam. Shule ikafungwa, Tausi akakunja godoro lake kama alivyosema.

Nikampigia Bi Saada. Nikamwambia nataka kwenda nyumbani kwao Tausi, peke yangu nitachemka nitaharibu. Akasema nifuate, mie nina mdomo wa kuanzia.

Tukapanda boti. Msimu ule watu wa delta wanaishi mashambani, kwenye madungu, vile vibanda vya miti virefu katikati ya mpunga, wanaamia ndege, yaani wanawafukuza wasile mpunga. Tukawakuta baba Tausi na dada yake, mama Hamdani, wako juu ya dungu. Tausi alikuwa mbali upande wa pili wa shamba, anapiga debe na kurusha udongo kwa kombeo.

Tukakaribishwa vizuri sana. Wali, kamba wa nazi. Bi Saada akawataniatania mpaka tukawa ndugu. Kisha nikaanza kusema.

Baba Tausi alicheka. "Aah Madam, utani wetu huo. Nyie watu wa shule mna mambo."

Nikamwambia, "Baba Tausi, mie wa Ikwiriri, utani naujua. Tausi anataka kuacha shule."

Akaacha kutafuna. "Kasema nani?"

"Yeye."

Alikuwa hajui. Tausi alimwambia godoro amelileta kulishona. Nikamweleza ya bombani. Ushungi. Alipolisikia hilo la ushungi, alitazama upande ule mtoto wake alipo.

Mama Hamdani akawaka. "Madam, mwanangu si mhuni! Kafunzwa!"

"Si mhuni, mama. Amefanya mlichomwambia."

Nikawarudishia maneno ya siku ya jando kama Hamdani alivyonipa. Katikati ya maneno yangu kundi la ndege likatua, mama Hamdani ikabidi asimame apige kelele hooo, hooo, arushe udongo, akae tena. Alipokaa alikuwa analia.

Baba Tausi akasema, sauti ya chini, "Mie nilisema vile watu wacheke."

Bi Saada akamjibu, "Watu wakacheka, baba. Mtoto yeye akashika."

Nikamwomba basi amwite Hamdani pembeni amweleze. Akatikisa kichwa. "Neno nimelisema mbele ya watu, Madam. Nikalifute pembeni? Hataamini. Mie mwenyewe nisingeamini."

Hakutuambia atafanya nini. Tukaondoka na mfuko wa mchele na wasiwasi. Kwenye boti Bi Saada hakutania mtu.

Siku ya kufungua shule nilikuwa bandarini Nyamisati kupokea watoto. Boti zinashusha magodoro, matranka, wazazi, wapagazi, kelele tupu. Boti yao ikaja. Hamdani akashuka. Baba Tausi akashuka. Halafu nikamwona Tausi, na godoro kichwani.

Nilikuwa sijamaliza kufurahi, baba Tausi akamshika Hamdani bega, pale pale kwenye watu, akapaza sauti.

"Hamdani mwanangu. Siku ya jando lako nilikwambia Tausi mkeo, umchunge. Nilikuwa natania. Na utani ule ulikuwa mbaya. Tausi si mke wa mtu. Kaja kusoma. Hakuna wa kumchunga."

Watu wakaangua kicheko. Wapagazi, akina mama, wote. Walidhani ni utani mwingine. Mmoja akapiga kelele, "Mkwe kanyang'anywa mke!"

Baba Tausi akawageukia. Jasho linamtoka. Nilimwonea huruma kweli. "Jamani, sitanii. Sitanii."

Kicheko kikakatika kimoja kimoja. Tausi alikuwa amesimama na godoro lake kichwani, hakulishusha. Alimtazama baba yake muda mrefu. Kisha akapita akaenda zake shuleni, mgongo umenyooka.

Hamdani alibaki. Watu walipotawanyika nikamsogelea. Alikuwa analia bila sauti, anajifuta na mkono wa shati. Nilijiandaa kwa hasira, nilijiandaa kwa "natania tu". Akaniuliza kitu kimoja.

"Madam, sasa nimsalimieje?"

Jamani. Mtoto alikuwa hajui jinsi ya kumsalimia binamu yake kama si mke. Hakuwahi kufundishwa salamu nyingine.

Nikamwambia, mwite jina lake, sema habari za asubuhi, akiitika sawa, asipoitika pita. Akalirudia lile jina kwa sauti ndogo, anajaribu.

Sitawadanganya kwamba sasa ni marafiki. Tausi haitiki kila mara, na simlazimishi. Lakini yuko darasani, ananibishia Biolojia. Hamdani anakuja maktaba mara kwa mara, tunakaa benchi letu, ananiuliza maswali ambayo angepaswa kumuuliza mjomba. Mkuu wa shule amenipa kipindi kwenye ratiba, kimoja, cha mwisho Ijumaa, watoto wakiwa na njaa. Nimepokea.

Somo nililolipata mimi ni kwamba tulienda Kibiti kufundishwa kuwazuia vijana, na kijana wangu alikuwa mtiifu kuliko wote. Tulichomtania sisi watu wazima yeye alikibeba kama amri. Fimbo isingelifikia hilo, wala polisi.

Nawakaribisha mseme na ya kwenu, hasa watu wa pwani na kusini, na hata wa bara wenye watani zenu. Kwenu utani unakomea wapi? Nani anapaswa kuusimamisha ukizidi? Matusi sitajibu, maswali nitajibu, PM msije na vituko.

Ila kabla hujakomenti, kama hapo nyumbani kuna mvulana mdogo mnamwambia binti fulani ni mke wake, mwite leo umwambie mnatania. Mwambie kwa maneno, asikie. Yeye hajui.